Nguzo Mia Mbili na Kumi na Mbili

Nchi ninayoisimulia ilikuwepo, na kama leo huioni kwenye ramani usinilaumu mimi. Nilikuwa karani tu. Ramani zilikuwa za idara nyingine. Jina langu ni Sengo. Nilizaliwa Lwandala, kwenye vilima vya Waruvi, nikasoma mpaka nikapata mwandiko unaosomeka, na katika serikali yetu mwandiko unaosomeka ulitosha kumpa mtu kiti, meza na siri za watu.

Mwaka ule nchi ilikuwa imetoka kwenye Kutoelewana. Mgeni angeita vita. Waruvi wa vilimani na Wasemba wa bondeni walikuwa wameuana kwa miezi minane, lakini redio ilitangaza kwamba hakukuwa na vita, kwa kuwa vita huwa na mshindi, na serikali, iliyojaa Waruvi wenzangu, iliona haya kujisifu. Waliokufa walizikwa haraka. Majengo hayakuzikika.

Ndipo ikaja barua kutoka Jumuiya ya Mataifa Yenye Masikitiko. Jumuiya iliuliza ni vitu gani vya kale vilivyoharibiwa, vya upande gani, na nani aliyeviharibu. Ilitaka orodha. Serikali ikaunda Tume ya Taifa ya Kuorodhesha Urithi Uliopatwa na Jambo, na mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Makeke. Hakuna aliyefaa kuliko yeye. Wakati wa Kutoelewana alikuwa waziri wa barabara, na malori ya wizara yake yalikuwa yamefika karibu kila mahali palipoungua, hivyo njia alizijua.

Siku ya kuzindua Tume, Mheshimiwa alisimama mbele yetu watumishi kumi na wanne, akavaa miwani, akaivua.

"Ndugu zangu," alisema, "ukweli ni mtoto wa serikali. Na mtoto mwenye adabu haendi kwa jirani bila kuaga."

Tulipiga makofi. Kisha tukagawiwa Mwongozo wa Lugha, kurasa tatu zilizopigwa chapa vizuri. Jengo la Waruvi lililoharibiwa tuliagizwa tuliandike kuwa limebomolewa kikatili na watu wanaojulikana. Jengo la Wasemba tuliandike kuwa limechakaa. Au limeanguka kwa sababu za hali ya hewa. Au, pale ambapo wageni walikwisha kuuona moshi, limepatwa na joto.

Aliyenyoosha mkono alikuwa Zamoyoni, mchoraji wa ramani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye tabia ya kuzitazama kuta za chumba kama anayezipima. Baba yake alikuwa Mruvi, mama yake Msemba, na kwa sababu hiyo Tume ilimwonesha kwa wageni kila walipokuja, kama ushahidi kwamba hatuna ubaguzi.

"Mheshimiwa, na pale ambapo hatujui jengo lilikuwa la nani?"

Mheshimiwa alifikiri. "Jengo ambalo halijulikani ni la nani," alisema, "halijawa la kale."

Nililiandika jibu hilo kwenye daftari langu kwa sababu nililiona zuri. Wakati ule niliona mambo mengi kuwa mazuri.

*

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Kidorwe, mji wa Wasemba. Pale ilikuwepo Nyumba ya Nguzo. Hata sisi Waruvi tuliijua kwa kusikia: paa moja kubwa la nyasi juu ya nguzo mia mbili na kumi na mbili za mninga, kila ukoo na nguzo yake. Mtu akifa, ukoo ulichonga alama yake kwenye nguzo chini ya alama za waliomtangulia. Wasemba hawakuwa na makaburi yenye majina. Waliweka majina pale.

Tulikuta uwanja wa majivu. Katikati alikaa mwanamke mzee kwenye kigoda, na mkononi alishika chupa ya mafuta ya nyonyo. Alikuwa Bi. Sikudhani Mwalupe, mtunza nguzo. Kazi yake kwa miaka arobaini ilikuwa kuzipaka nguzo mafuta zisiliwe na wadudu. Hakukuwa tena na kitu cha kupakwa, lakini alikuja kila asubuhi, na chupa alikuja nayo.

Mheshimiwa alimsogelea kwa upole mkubwa. "Shikamoo, mama. Una hati ya jengo hili?"

"Marahaba. Jengo lipi, baba? Hapa pana majivu."

"Lile lililokuwepo."

"Kumbe unajua lilikuwepo," alisema Bi. Sikudhani.

Mheshimiwa alinigeukia akaniambia hilo nisiliandike. Kisha akaendelea. "Nauliza karatasi, mama. Ya kuthibitisha."

"Karatasi zilikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya hilo unalotaka nithibitishe."

Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari aliyeletewa mgonjwa akiwa amechelewa, akanisomea cha kuandika: *Kidorwe. Eneo la wazi. Udongo una majivu mengi. Panafaa kwa bustani ya mboga.* Nikaandika kwa mwandiko wangu unaosomeka. Kisha akauliza kama pana mahali pa kupata supu ya mbuzi, akaoneshwa, akaondoka na msafara.

Zamoyoni hakuondoka. Alisema futi yake ya kupimia imenasa, akaomba mimi nibaki kumsaidia. Futi haikuwa imenasa.

Tulibaki pale siku mbili. Zamoyoni alitembea kwa magoti kutoka shimo hadi shimo, maana kila nguzo ilikuwa imeungua mpaka chini ya ardhi na kuacha shimo lake. Nilishika ncha ya futi. Bi. Sikudhani alitembea mbele yetu akitaja.

"Hapa ukoo wa Ndembo. Alama thelathini na moja. Ya kwanza ina jicho, kwa sababu yule babu aliona mbali. Hapa wa Mwesa. Hawa walikuwa wagomvi, hata nguzo yao ilipasuka."

Alama alizozikumbuka alizichora kwa kidole kwenye majivu, na Zamoyoni akazihamishia kwenye karatasi. Kwa zile asizozikumbuka aliwaita watunzaji wenzake wawili, wazee wa koo za upande wa mto, wakaja wakachora zao. Siku ya pili jioni tulifika kwenye shimo lililokuwa karibu na mlango.

"Hii ni yetu," alisema Bi. Sikudhani. "Alama ya mwisho ni ya mwanangu Tindo. Alikufa mwezi wa pili wa hayo mnayoyaita sijui nini. Wachongaji walikuwa wamekimbia, nikamchongea mwenyewe. Sijui kuchonga. Ilitoka imepinda."

"Ilipinda upande gani, mama?" Zamoyoni aliuliza.

Bi. Sikudhani alimgeukia. Nadhani hakutegemea swali hilo. Akachora, na Zamoyoni akaichora ikiwa imepinda vilevile.

"Waliochoma walikuja na nini?" Zamoyoni aliuliza tena.

"Malori matatu ya njano. Ubavuni yameandikwa Idara ya Barabara."

Nilitazama pembeni. Sikuwa na mahali pa kuliandika hilo; fomu haikuwa na safu yake.

*

Safari ya pili ilikuwa kwetu, Lwandala. Huko vijana wa Kisemba walikuwa wamevunja Birika.

Naomba nieleweke. Hili halikuwa jambo la kubuni. Birika la Lwandala lilichimbwa kwenye mwamba na watu ambao hata babu zetu hawakuwajua, na ngazi za kushukia zilikuwa arobaini na moja, zimelika katikati kwa nyayo za wanawake. Mama yangu alishuka hapo na mtungi akiwa na mimba yangu. Vijana walikuja na nyundo za kuvunjia mawe, wakafanya kazi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, halafu wakamimina dizeli kwenye maji. Nilipofika na kuona ngazi zimekuwa kokoto, nilikaa chini. Niliwachukia waliofanya vile, na sitasema kwamba nimemaliza kuwachukia.

Zamoyoni alipima futi hamsini na nane za kokoto, akawauliza akina mama jinsi kila ngazi ilivyokuwa, akachora hata ulikaji wake. Alichora kwa mkono uleule na kwa uvumilivu uleule niliouona Kidorwe. Nilishukuru sana, na sikufikiria zaidi ya hapo.

Mheshimiwa naye hakuridhika na Birika. "Ngazi arobaini na moja ni chache," alisema. "Wageni hawawezi kulia kwa ngazi arobaini na moja." Akanisomea: *Kasri la Kifalme la Lwandala, vyumba mia moja na ishirini, pamoja na bustani za kuning'inia, limebomolewa kikatili na watu wanaojulikana.* Kwenye ukurasa uliofuata likaongezwa zizi la mbuzi la mjomba wake, ambalo lilipata umri wa miaka mia nne kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Jioni nilimsomea mama yangu taarifa hiyo. Nilidhani atafurahi kuona tumeheshimiwa.

"Hilo kasri lilikuwa wapi?" aliuliza.

"Ni Birika, mama. Wameandika kwa lugha ya serikali."

"Sisi hatukuwa na kasri, baba. Tulikuwa na maji." Aliendelea kuchambua mchele. "Sasa mtu akija kutafuta kasri asilione, atasema hawa watu ni waongo, hata hilo Birika hawakuwa nalo. Wewe ndiye uliyeandika?"

"Mwandiko ni wangu."

Alinipakulia chakula, lakini hakukaa nami kula.

*

Ripoti ya Tume ilikuwa na kurasa mia sita. Waruvi walipoteza makasri tisa, minara arobaini na zizi moja. Wasemba walipata bustani za mboga. Ilikuwa imebaki siku moja isafirishwe kwa Jumuiya ya Mataifa Yenye Masikitiko, pale Zamoyoni alipopeleka mezani kwa Mheshimiwa ripoti yake mwenyewe. Ilikuwa na kurasa nne za maelezo na michoro ishirini na minne: ishirini na mitatu ya Nyumba ya Nguzo na mmoja, mkubwa, wa Birika.

Aliitwa mbele ya Tume nzima. Mimi niliandika kumbukumbu za kikao.

"Bi. Zamoyoni," Mheshimiwa alianza, "hapa umeandika Nyumba ya Nguzo *ilibomolewa na watu*. Na hapa umeandika Birika *lilibomolewa na watu*. Umetumia kitenzi kimoja kwa makabila mawili."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Huoni kwamba huo ni upendeleo?"

"Kwa nani, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa alitazama wajumbe. Wajumbe walitazama meza. "Kwa kitenzi," alisema. Mjumbe mmoja aliitikia kwa kichwa kwa nguvu.

"Baba yako ni mwenzetu," Mheshimiwa aliendelea kwa sauti ya huruma. "Mama yako ni wa kule. Niambie ukweli, ni nusu ipi iliyochora haya?"

"Mkono wa kulia, Mheshimiwa."

Mtu alicheka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa tangu mwanzo. Zamoyoni alifukuzwa kazi kwa kosa la kupima bila idhini. Aliamriwa akabidhi michoro yote, pamoja na madaftari yake na hata futi. Alisimama na bahasha kubwa kifuani, akazunguka meza nzima, akaja kuniwekea mimi.

"Kaka Sengo, wewe ulishika ncha ya futi," aliniambia. "Uitunze."

Nilimwambia nitaitunza. Alitoka bila kuaga wengine. Wiki hiyo hiyo alivuka mpaka, na nasikia mpaka leo anachora mitaro ya maji machafu ya mji wa watu, na mitaro hiyo haizibi.

*

Kesho yake nililetewa agizo lenye mhuri: bahasha ile ihifadhiwe kwa njia ya moto, na karani athibitishe kwa sahihi.

Nyuma ya ofisi palikuwa na pipa la kuchomea taka. Nilikwenda baada ya chai. Ningependa kusimulia kwamba palikuwa na askari mwenye bunduki aliyenisimamia, lakini hapakuwa na mtu. Mheshimiwa alikuwa bandarini akiisindikiza ripoti kubwa. Mlinzi wa lango alikuwa ananunua karanga.

Nilitoa michoro yote nikaitazama. Kwanza nilitoa ule wa Birika, nikaukunja, nikauingiza ndani ya shati. Sikujiuliza. Mkono ulijua wenyewe. Kisha nikabaki na ile ishirini na mitatu, na hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa makini sana, kama mtumishi mwaminifu. Niliwaza kwamba agizo ni agizo. Niliwaza kwamba pipa lazima lionekane lina majivu ya karatasi, la sivyo nitagundulika. Niliwaza kwamba ishirini na mitatu ni mingi, haiwezi kufichika.

Nikachoma mmoja mmoja. Ule wenye alama iliyopinda nikauweka pembeni, nikachoma mingine, nikaurudia. Nikatia sahihi.

Mkoba wangu wa kazini ulikuwa ukutani hatua sita kutoka pale. Baadaye nilichukua karatasi ishirini na tatu za ukubwa ule ule nikaziingiza ndani yake, kuona tu. Ziliingia zote, na nafasi ikabaki.

*

Miaka minne ikapita na nchi ikageuka. Sitaeleza iligeukaje, magazeti ya siku hiyo yalisema iligeuka kwa furaha. Wasemba waliingia serikalini, na wakaunda Tume Mpya ya Kurekebisha Orodha. Mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Makeke, aliyekuwa amegundua, kwa utafiti wa kina, kwamba bibi yake mzaa mama alitoka Kidorwe. Alilia hadharani alipotangaza.

Mwongozo wa Lugha ulichapishwa upya. Mpiga chapa alibadilisha majina tu. Sasa majengo ya Wasemba ndiyo yaliyobomolewa kikatili, na yetu yalichakaa. Kidorwe pakapata jumba la ghorofa tatu la nguzo elfu kumi za dhahabu. Kuhusu Lwandala niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu uleule: *Shimo la asili. Lina kokoto. Maji yake yana harufu ya dizeli kwa sababu za kijiolojia.* Nilipomaliza nilikwenda kunawa mikono, na nilikaa bombani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tume ilimwandikia Zamoyoni arudi. Alijibu kwa mstari mmoja, akiuliza kama safari hii kitatumika kitenzi kimoja. Hakujibiwa.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, Bi. Sikudhani aliingia ofisini kwangu. Alikuwa amepungua sana na alitembea akipapasa ukuta. Nilimpa kiti, nikamwamkia.

"Marahaba, bwana karani. Ni wewe uliyekuwa na yule binti?"

"Ni mimi, mama."

"Tumepata magogo ya mninga. Yamekaa kivulini mwaka mzima, yamekauka vizuri. Wachongaji wamerudi." Alitoa pumzi. "Wale wenzangu wawili wa upande wa mto wamefariki. Mimi kichwa hakishiki. Nimekuja kuchukua ile michoro."

Mwongozo mpya ulikuwa juu ya meza yangu, na neno lilikuwemo: *nyaraka zilizopotea katika mazingira ya utawala uliopita.* Ningeweza kulisoma lilivyo. Angeondoka akiwalaani wengine.

"Imeungua, mama," nilisema.

"Nani aliyechoma?"

"Mimi."

Nje, mtu alikuwa anagonga mhuri, mmoja baada ya mwingine. Bi. Sikudhani alikaa mikono ikiwa magotini.

"Yote?"

"Ya kwenu yote. Wa Birika letu niliubakiza."

Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Badala yake akaniambia, "Nioneshe."

Niliufuata nyumbani. Niliporudi nao nilimkuta amekaa vilevile. Nikautandaza mezani, akauinamia mpaka pua ikakaribia karatasi, akapitisha kidole ngazi kwa ngazi.

"Hizi zimelika katikati," alisema.

"Ni nyayo za akina mama."

"Mpaka ulikaji ameuchora." Kidole kilifika ngazi ya chini kabisa, penye maji. "Na kwetu alichora hivi?"

"Hivi hivi, mama."

Aliinuka kutoka kwenye karatasi na akafuta macho kwa ncha ya khanga, bila haraka, kama mtu anayefuta jasho.

"Ufiche tena," alisema. "Nasikia siku hizi na nyie hamkuwa na kitu."

Nilidhani ataondoka. Alisogeza kiti karibu na meza, akaegemeza viwiko. "Chukua kalamu. Andika ninayoyajua kabla sijayasahau. Usiniongezee."

Niliufunga Mwongozo nikauweka sakafuni, nikachukua karatasi tupu. Alianza na nguzo ya ukoo wake, ile ya mlangoni, akanielekeza alama zote hadi ya mwisho, na ya mwisho akaichora yeye mwenyewe kwa kalamu yangu. Kisha, kwa kumbukumbu, akaingia ndani ya Nyumba. Mahali pengine alikwenda haraka, nikashindwa kumfuata. Mahali pengine alinyamaza, midomo ikicheza, akitaja jina la ukoo, akilirudia, na alama haiji. Nikasubiri. Mgonga mhuri kule nje aliacha kazi akaenda kula, akarudi. Hatukula.

Ofisi ilipokaribia kufungwa tulikuwa na nguzo thelathini na nne. Aliniomba nimsomee zote tangu mwanzo. Nilisoma, naye akasikiliza akiwa amefumba macho, na mara tatu akainua mkono nisimame.

"Hizo tatu," alisema, "andika kwamba sina hakika."

Nikaandika.